Hao Wengine Wako Wapi?

Asubuhi ya Jumamosi ile Somoe aliamka na maswali mawili, na hakuna hata moja aliloweza kumwuliza mama yake.

La kwanza lilikuwa la kazi. Chama cha walimu wa Kifaransa kilikuwa kimewaandikia barua pepe kwamba kikundi kimoja cha waimbaji wa huko Ufaransa kimeweka opera mbili fupi kwenye mtandao, zote za maisha ya Kifaransa, za kutazamwa pamoja, siku mbili tu kisha zinaondolewa. Mwalimu atakayeziona awaandalie wanafunzi wake zoezi. Je, mtandao wa Mtwara, mwaka ule wa 2009, ungeweza kubeba opera mbili?

La pili lilikuwa gumu zaidi. Mwezi wa tatu, Rizwan Abdulrasul alimwambia kwamba anataka kumwoa. Alisema mara moja, kwa sauti ya kawaida, wamesimama mlangoni pa chumba chake cha intaneti pale Ufukoni. Tangu siku hiyo hakulirudia neno lile wala hakulikanusha. Sasa ulikuwa mwezi wa sita. Kwa nini?

Somoe alikuwa mtu wa kutaka ushahidi. Alikuwa ameipitia siku ile mara nyingi, sentensi kwa sentensi, kama anavyosahihisha insha. Rizwan alisema, "Nataka nikuoe, Somoe." Yeye, kwa haya, akaangalia chini, akacheka na kujibu, "Nyie hamnioi, mnanitania tu." Rizwan akatabasamu kidogo. Halafu tabasamu likaondoka, akaingia ndani kumhudumia mteja. Basi. Hakuona kosa. Msichana gani hujibu "ndiyo" papo hapo, mlangoni, mchana?

"Somoe, umesikia nilichosema?" Bi Zainabu, mama yake, alikuwa anamenya mihogo uani. "Wazee wa Selemani wanarudi kesho baada ya adhuhuri. Barua yao ina wiki mbili ndani ya nyumba hii. Kesho wanataka jibu."

"Nimesikia, mama."

"Selemani ana kasoro gani?"

"Hana."

"Kazi anayo, bandarini. Swala tano haachi. Pikipiki yake mwenyewe. Sasa unasubiri nini? Au bado unamsubiri yule Mhindi wako?" Bi Zainabu akapunguza sauti. "Mwanangu, wale hununua kwetu, huuza kwetu, lakini kuoa huoa kwao. Atakuzungusha mpaka meno yaote mvi."

"Meno hayaoti mvi, mama."

"Ndiyo nakwambia utasubiri sana!"

Mzee Ramadhani, baba yake, alitokea nyuma ya nyumba akitoka kukagua mikorosho. Bi Zainabu akainuka nusu, kama alivyofanya kwa miaka thelathini.

"Mmerudi? Mtakunywa chai sasa au mtasubiri mihogo?"

"Nitasubiri," alisema mzee, akakaa. Alikuwa peke yake, lakini hakuna aliyeshangaa. Bi Zainabu alikuwa Myao, na Kiswahili cha nyumba ile kilichukua adabu yake kutoka Kiyao: mtu wa heshima haitwi kwa umoja.

"Naenda mjini, mama," alisema Somoe, akichukua daftari. "Kazi ya shule."

"Kazi ya shule," alirudia Bi Zainabu, akiuambia muhogo.

* * *

Chumba cha intaneti cha Rizwan kilikuwa na kompyuta nane, feni mbili na kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi la baba yake kule Mikindani. Rizwan alikuwa na miaka ishirini na tisa, mrefu, mwenye kuongea taratibu. Somoe alipomweleza shida yake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakuna kidevu.

"Video? Saa nzima? Kwa dishi hili?" Akatazama dari, kana kwamba dishi lingemjibu. "Haiwezekani watu wote wakiwa hewani. Labda kompyuta moja tu ifanye kazi."

"Basi, haina shida. Nitawaeleza kwamba imeshindikana."

"Sijasema imeshindikana, Mwalimu."

Alitoka nyuma ya meza, akazunguka ukutani na kuanza kuchomoa nyaya za mtandao, moja baada ya nyingine. Wateja walikuwa wawili. Wa kwanza aliondoka bila neno. Wa pili, Josephu, fundi umeme wa Magomeni aliyekuwa akituma maombi ya kazi, alishika kompyuta yake kwa mikono miwili.

"Rizwan! Umenizima! Nilikuwa nimebakiza kubonyeza tu!"

"Samahani, Josephu. Rudi saa kumi. Utatumia bure mpaka magharibi."

"Nyie bwana!" Josephu alisimama, akakusanya karatasi zake. "Nyie mna upendeleo sana nyie. Mtu akivaa baibui nzuri, sisi wengine tunachomolewa."

Alicheka mwenyewe akitoka. Rizwan hakucheka. Somoe aliliona hilo, akaliweka akilini: kwenye neno gani hasa uso wake umejifunga?

Tasneem, mdogo wake Rizwan, alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, miguu juu, akibangua korosho. Kila Somoe alipokuja, Tasneem aliitwa akae pale, na mlango uliachwa wazi.

"Kaka, kompyuta nane kwa mtu mmoja," alisema. "Mimi nikitaka kuona picha za harusi ya binamu yetu Zarina unaniambia mtandao mzito."

"Mzito kweli."

"Leo umekonda?"

"Bangua korosho, Tasneem."

* * *

Opera, Somoe aliwaeleza wakati duara dogo likizunguka katikati ya kioo, ni mchezo wa jukwaani ambao watu hawasemi bali wanaimba kila kitu, hata wakiomba chumvi. Tasneem alisema hiyo ni kama filamu za Kihindi za nyumbani kwao, tofauti ni kwamba hawa hawakimbilii milimani.

Ya kwanza ilikuwa kichekesho cha Paris. Mwanamke mshona kofia alikuwa na wachumba wawili. Mmoja alipobisha hodi, mwingine alijificha kabatini, na kabati lilikuwa na kofia, na kila alipopiga chafya manyoya yaliruka. Tasneem alisogeza kiti. Hakuhitaji tafsiri. Mchumba wa pili alipoingia kabati lilelile, alicheka hadi korosho zikamwagika.

"Mwisho anamchukua nani?"

"Hakuna," alisema Somoe. "Anaimba kwamba kofia hazikoromi."

"Huyo ana akili."

Rizwan naye alicheka, na kwa muda mfupi macho yake na ya Somoe yalikutana kwenye kioo, juu ya sura ya mshona kofia, kisha kila mmoja akaangalia pembeni. Somoe alijua umbali kati ya kiti chake na cha Rizwan: vigae vitatu vya sakafu. Alikuwa amevihesabu, na hilo lilimkera.

Opera ya pili ilikuwa tulivu. Duka la mikate katika mji mdogo wa mtoni. Mwanamke mwoka mikate, hana mume. Mwalimu wa shule, hana mke. Kwa miaka kumi na mmoja mwalimu amekuja kila asubuhi kununua mkate mmoja. Leo amehamishwa; gari moshi linaondoka baada ya nusu saa.

"Hii nataka unitafsirie," alisema Tasneem. "Hapa hakuna kabati."

Somoe alitafsiri, polepole, akifuata waimbaji. Kwa kuwa alikuwa akisikiliza Kifaransa na kusema Kiswahili kwa pamoja, hakuwa na nafasi ya kuchagua maneno. Yalikuja yenyewe, Kiswahili cha nyumbani Likombe.

"Mwanamke anasema, 'Leo mmewahi.' Mwalimu anasema, 'Leo naondoka.' Mwanamke: 'Mnakwenda mbali?' Mwalimu: 'Kaskazini. Nyie mtabaki hapa?' 'Nitabaki. Mkate hauwezi kujioka.' ... Sasa mwanamke anamwambia, 'Huko kaskazini nani atawapa mkate wenu?'"

Rizwan alikunja uso. Akasogea mbele. Macho yake yalikuwa yakitembea pembeni mwa jukwaa, kama mtu anayetafuta aliyejificha.

"Nini?" aliuliza Somoe.

"Hakuna. Endelea."

"'Mmesahau mwavuli mara tatu mwaka huu,' anasema. 'Nimeutunza.' Mwalimu anashukuru. Anainamisha kichwa. Anachukua sanduku. Anatoka..."

Mwimbaji alifika mlangoni. Mkate wake ulibaki juu ya meza. Muziki wote ukanyamaza, ikabaki filimbi moja. Yule mwanamke akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, akaimba mstari mmoja, mfupi.

Somoe alisahau kutafsiri.

"Kasema nini?" aliuliza Tasneem.

"Amesema, 'Umesahau mkate wako.'"

Mwalimu alisimama, mgongo kwao, mkono kwenye kitasa. Na hapo hapo kioo kikaganda. Duara dogo likaanza kuzunguka juu ya mgongo wake.

"Aaa!" Tasneem alipiga paja. "Sasa hivi? Atageuka au hageuki?"

"Ngoja," alisema Rizwan. Hakuwa akilitazama duara. "Mwalimu, kuna kitu sielewi. Hao wengine wako wapi?"

"Wengine gani?"

"Tangu mwanzo mwanamke anasema 'mmewahi', 'mnakwenda', 'mkate wenu'. Nikajua mwalimu ana familia, labda iko nje inasubiri. Nimewatafuta muda wote. Sasa ghafla anasema 'mkate wako'. Mmoja. Familia imekwenda wapi?"

Tasneem akacheka, lakini Somoe hakucheka. Alikuwa mwalimu, na swali lilikuwa zuri.

"Hakuna familia. Kifaransa kina maneno mawili ya kumwita mtu mmoja. *Vous* ni la wingi. Mtu wa heshima, au usiyemzoea, unamwita hivyo hata akiwa peke yake. *Tu* ni la umoja, la mtu wako wa karibu. Miaka kumi na mmoja wameitana *vous*. Sasa amemwita *tu*. Hajamwambia anampenda. Amemwambia amesahau mkate. Lakini kwa neno lile amemwambia yote."

"Na kwa Kiswahili wewe umeweka 'nyie'."

"Ndiyo. Ndivyo tunavyosema."

"Nani mnaosema?"

"Sisi. Kwetu. Mama hawezi kumwambia baba 'umerudi'. Anamwambia 'mmerudi'." Somoe alishangaa kwamba jambo hili linahitaji maelezo. "Nyie mmezaliwa Mikindani, hamjawahi kusikia?"

Rizwan aliinua kichwa. Alikuwa amelisikia lile 'nyie'. Somoe naye, kwa kuchelewa kidogo, akajisikia: *nyie mmezaliwa*. Darasani hakusema hivyo kamwe. Angemkata mwanafunzi alama. Hapa lilikuwa limemtoka bila kuulizwa, kama linavyotoka kila alipokuwa mbele ya mtu huyu na mikono yake haijui pa kukaa.

"Nimesikia wakiambiwa wazee," alisema Rizwan polepole. "Mimi nimelelewa dukani, Mwalimu. Dukani 'nyie' ina maana moja. 'Nyie mnauza ghali.' 'Nyie mna upendeleo.' Josephu amesema leo, umemsikia. Hanisemi mimi. Anatusema Wahindi wote, mpaka babu yangu kaburini."

"Ndiyo."

"Mwezi wa tatu nilikwambia neno. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Somoe alishika daftari lake. "Nakumbuka."

"Sema."

"'Nyie hamnioi, mnanitania tu.'"

Aliisikia sentensi yake mwenyewe ikitoka, na kwa mara ya kwanza aliisikia kwa masikio ya mtu aliyesimama upande wa pili wa meza ya duka. Maneno yaleyale, bila kubadilika hata herufi. Lakini si yaleyale.

"Ya Rabi," alisema.

"Kabla sijaja kwako nilikwenda kwa baba," alisema Rizwan. "Siku tatu hakuongea na mimi. Mama alilia, akasema jamaa watatusema mpaka Nairobi. Siku ya nne baba akaniita. Akasema, 'Ami yako alimchezea binti wa watu Magomeni. Kuna mtoto pale ana macho yetu na hana jina letu. Na wewe ukitaka kucheza, funga mashine zako uende Dar. Ukitaka kuoa, nenda kwa baba yake mchana, watu wakuone.' Nikaja kwako siku hiyohiyo. Na wewe ukaniambia nyie hamwoi, mnatania tu. Nikajua habari ya ami unayo. Nikajua Likombe yote inayo. Ningejibu nini? Ulisema kweli."

"Sikujua habari ya ami yako!"

"Sasa nimejua hukujua."

"Miezi mitatu, Rizwan! Kwa nini hukuuliza?"

"Unamwuliza mtu, 'umenitukana?' Na wewe kwa nini hukuuliza?"

"Mimi mwanamke. Ningeuliza nini? 'Samahani, ile posa imeishia wapi?'"

Tasneem aliacha kubangua. Feni ilizunguka. Kwenye kioo yule mwalimu bado alikuwa ameshika kitasa.

"Kuna kitu bado sielewi," alisema Rizwan.

"Uliza."

"Mimi si mzee. Miaka ishirini na tisa. Tasneem, nina mvi?"

"Una tumbo."

"Josephu umri wake sawa na wangu, humwiti 'nyie'. Mkuu wako wa shule je?"

"Namwita 'wewe, mkuu'."

"Sasa kwa nini mimi?"

Somoe alifungua daftari, akalifunga. Angeweza kusema uongo. Ulikuwepo mmoja mzuri, tayari, kuhusu wateja na adabu. Lakini hakuwa amekuja mpaka hapa, kupitia Paris na mji wa mtoni, ili aondoke na jibu la uongo kwa swali sahihi.

"Kwetu," alisema, akitazama vigae, "mwanamke anawaambia 'nyie' wazazi, na wakwe, na wazee. Na mtu mmoja mwingine."

"Nani?"

"Nimeshakwambia mama anamwambia nani."

Wekundu ulimpanda Rizwan kutoka shingoni mpaka masikioni. Somoe aliuona kwa pembe ya jicho, bila kuinua macho.

"Kwa hiyo mwezi wa tatu," alisema Rizwan, "ulipokuwa unanikatalia..."

"Sikuwa nakataa. Nilikuwa nataka useme mara ya pili."

"Nasema mara ya pili."

"Nyamaza kwanza." Sasa aliinua macho. "Ndani kwetu kuna barua ya mtu. Selemani wa bandarini. Kesho baada ya adhuhuri wazee wake wanakuja kuchukua jibu."

Rizwan alirudi nyuma kwenye kiti. "Hilo hukuniambia."

"Hukuuliza."

"Posa juu ya posa haifai, Somoe. Siwezi kumtuma baba juu ya barua ya mwenzangu."

"Najua haifai. Ndiyo maana nasema nyamaza kwanza." Alikuwa ameanza kuhesabu, na hesabu ilimtuliza. "Leo jioni nampa mama jibu langu. Atalia, atanitajia pikipiki. Baba atanyamaza. Selemani ni mtu mwema, ataambiwa vizuri, kwa wazee wake, si kwa maneno ya barabarani. Kesho alasiri barua inarudi kwa mwenyewe. Jumatatu nyumba haina barua ya mtu."

"Na mama yako?"

"Mama anasema nyie huoa kwenu. Kwa wingi ule wa Josephu. Mimi siwezi kumbadilisha. Mtu akija mchana, watu wakamwona, huenda akabadilika mwenyewe."

"Na asipobadilika?"

"Sijui," alisema Somoe. Ulikuwa ndio ukweli. Akasimama, akafunga baibui vizuri, kisha akauliza taratibu, akitenga kila neno ili safari hii pasiwe na kosa: "Nyie mnaijua njia ya kwetu Likombe?"

Rizwan alimtazama. Akafikiria jibu, kama mtu anayejaribu kiatu.

"Tunaijua," alisema.

Nyuma yao filimbi ikalia tena. Duara lilikuwa limeondoka, na hakuna aliyejua limeondoka lini. Walipogeuka, pazia lilikuwa linashuka.

"Alifanyaje?" waliuliza kwa pamoja.

"Sasa ndiyo mnaniuliza!" Tasneem alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio, na alikasirika kuonekana. "Amerudi. Hakuuchukua mkate. Ameukata nusu kwa nusu, wakala pale pale mezani, na gari moshi likapiga honi likaenda. Wala hawajaimba."

Kivuli kiliingia mlangoni. Josephu, karatasi kwapani, saa kumi kamili. Alizitazama nyaya zilizochomolewa, akamtazama Rizwan, kisha Somoe, kisha vigae viwili vilivyobaki kati ya viti vyao.

"Nyie bado tu?" aliuliza.

Rizwan alifungua mdomo, lakini Somoe alimtangulia.

"Bado, kaka Josephu," alisema. "Ndiyo kwanza tumeanza."